Nimebadilisha Rangi za Kompyuta, Mama Dorotea Anadhani Ameiua

Mpendwa Bi Zakia, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, la sivyo nitakuwa nimemharibia kazi mtu aliyenifundisha kazi.

Mimi ni mpiga chapa katika ofisi ya kuchapa barua hapa Mkuyuni, tuko wawili, mimi asubuhi na Mama Dorotea wa Nansio mchana, yeye ndiye aliyenifundisha kutaipu bila kutazama herufi, alikuwa ananifunika mikono kwa khanga yake halafu anakaa pembeni, nikikosea ananigusa bega tu, hasemi kitu. Sasa mwaka jana, 1995, bosi wetu Bwana Farouk akaleta kompyuta, na ile programu ya kuandikia ina kioo cha bluu na herufi nyeupe, bluu ile ikawa inaniumiza macho, basi juzi nikasoma kitabu cha maelekezo nikaweka kioo cheusi na herufi za njano, ikapendeza Bi Zakia, wee acha tu! Halafu nikaona kumbe kioo kinaweza kugawanywa vipande viwili, juu nikaweka katiba ya kikundi cha akina mama wakausha dagaa kwa Kiswahili, chini nikawa naiandika kwa Kiingereza, macho yanapanda na kushuka, hakuna kufunuafunua makaratasi, kazi ya siku tatu nikaimaliza siku moja.

Nikaenda zangu nyumbani bila kumwambia mtu. Mama Dorotea alipokuja akakuta kioo cheusi kimekatwa katikati, akawa anatazama juu na herufi zinatokea chini, akazima, akawasha, yaleyale, kwa sababu mabadiliko nilikuwa nimeyahifadhi. Kesho yake bosi akatuita, akauliza nani aliigusa mara ya mwisho, na Mama Dorotea akanyoosha mkono mwenyewe kama mwanafunzi, akasema, "Ni mimi, bosi. Nadhani nimeiua."

Nikanyamaza. Mashine sasa imefunikwa, haiguswi, fundi anafika kutoka Dar Jumamosi, na Mama amesema hangoji kuaibishwa mbele ya fundi, siku hiyohiyo anapanda meli arudi Nansio akalime mihogo. Kuirudisha ni dakika mbili tu! Naogopa kwamba niligusa mambo bila ruhusa, na pia, sijui hata niandikeje, bosi alisema kama mama imemshinda basi mashine itakuwa yangu kutwa nzima, na mimi rangi zangu nazipenda. Nifanyeje? Tafadhali jina langu usilitoe.

Mpiga chapa, Mkuyuni

BI ZAKIA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Jina nimelificha kama ulivyoomba, lakini hebu tuongee kama watu wazima: Mkuyuni nzima kuna ofisi ngapi za kuchapa zenye kompyuta moja, mama mmoja wa Nansio na bosi anayeitwa Farouk? Gazeti hili linatoka Alhamisi. Umeshakiri, mwanangu, umebakiza tu kumwambia anayehusika.

Kubadilisha rangi si kosa. Macho ni yako, na hiyo akili ya kuweka Kiswahili juu na Kiingereza chini nakupongeza, hata mimi ningependa kuiona. Ila usinidanganye kwamba unanyamaza kwa woga. Sababu yenyewe umeichomeka mwishoni, baada ya "sijui hata niandikeje". Unaitaka mashine kutwa nzima. Kuitaka si dhambi, lakini kuipata kwa njia hii ni aibu, na kila ukiwasha hicho kioo cheusi utamwona mama wa watu amenyoosha mkono kwa kosa lako. Nimekukasirikia kweli.

Sasa fanya hivi. Leo hii, kabla hujala, nenda nyumbani kwa Mama Dorotea, si ofisini. Mwambie "ni mimi" kwanza, maelezo baadaye. Akikugombeza, inamisha kichwa, umeyatafuta. Kisha nendeni wote wawili kwa bosi, useme wewe, mama asiseme neno, na uombe fundi azuiwe. Baada ya hapo rudisha bluu yake. Andika kwenye kipande cha boksi namna ya kuweka rangi zako asubuhi na namna ya kurudisha zake ukimaliza zamu, ukibandike ukutani, kwa herufi kubwa, na usitoke mlangoni kabla hujarudisha. Akitaka kujua habari za kugawa kioo, mfundishe. Akiwa hataki, mwache na bluu yake.

Na namna ya kumfundisha unaijua, maana yeye alikuonyesha. Alipokufunika mikono kwa khanga hakwenda popote, alikaa pembeni yako mpaka vidole vikajua njia. Wewe umemfunika macho ukaenda zako nyumbani. Vuta stuli, binti, ukae.