Camera haikulia

Yolande ndugu yangu, Maman wetu ameanguka toka kitandani hapa hospitali. Nilikuwa nimetoka kumutafutia bouillie, uji wake. Niliporudi nikamukuta chini kwenye ciment.

Na ile camera ya akili bandia iko juu ya kitanda chake. Walituambia ikiona mugonjwa ameanguka, inalia kwa infirmières, wale wauguzi, palepale. Haikulia. Yolande, haikulia hata kidogo.

Nikamuuliza infirmière Tatiana kwa nini. Akasema, "Maman Dany, ilikuwa inatulilia mchana kutwa juu yenu ninyi garde-malades munaolinda wagonjwa, vile munalala chini na mikeka karibu ya wagonjwa wenu. Fundi akaifundisha: mutu akiwa chini, ni ndugu anapumzika, iache."

"Kwa hiyo ilimuona Maman, ikafikiri ni mimi?"

"Ndiyo. Ilifikiri ni wewe."

Ilifikiri ni mimi. Sijui hata nimukasirikie nani. Tatiana iko peke yake na salle nzima ya wagonjwa.

Docteur anasema nyonga imevunjika.

Na sikia walichoamua. Fundi ameirudisha vile ilikuwa, na kuanzia leo hakuna garde-malade kubaki ndani, ili mashine isichanganyikiwe. Nikamwambia sentinelle, mulinzi wa mulango, polepole, "Papa, lakini Maman hawezi kujigeuza mwenyewe." Akanijibu kwa heshima kabisa, "Maman, tuliza roho. Camera iko inamuangalia."

Niko inje ya portail. Itamuangalia, ndiyo. Lakini nani atamugeuza?