Dada Zuwena na Maharusi wa Samarkandi

Mjukuu wangu Salma,

Sisi huku Ghubra wazima, alhamdulillahi. Mjomba wako keshahamia nyumba yake ya mtaa wa Ansab, na mama yako anakusalimu sana.

Umegombana na dada yako, ndiyo ukaniuliza kama nami nimewahi kumuonea ndugu yangu wivu. Nimewahi, tena vibaya.

Miaka ya tisini, wewe hujazaliwa, babu yako alitupeleka kutembea mji wa Samarkandi, mimi na dada yangu Zuwena. Tulifika kwenye uwanja wa madrasa za kale, tukakuta maharusi wamejaa wakipigwa picha. Bibi harusi mmoja akaupenda mtandio wa manjano wa Zuwena, akamvuta wasimame pamoja. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Mimi nikapewa mkoba wake nishike. Kutwa nzima sikuona vigae wala makuba ya buluu. Nilimuona Zuwena tu, anacheka.

Tulipopanda gari nikamwambia, "Leo umejiona malkia."

Akanijibu taratibu, "Asha, tangu utotoni wageni wakija kwetu walikuwa wakikuita wewe. Leo siku moja nimeitwa mimi, hata hiyo huniachii?"

Sikuwahi kudhani kwamba naye ana wivu, tena juu yangu mimi. Nilimuomba radhi kesho yake, akanisamehe, lakini siku yake nilikuwa nishaiharibu.

Mpigie dada yako simu, mwanangu. Muulize yeye anakuonea wivu kwa lipi.

Nakuombea kila sala,
Bibi yako Asha