Picha Isiyo na Lori

Baba Zuhura,

Amani iwe juu yako hapo chini ya mikorosho tulipokulaza. Nakuandikia mchana huu Hamisi amelala, na akiamka kalamu nitaiweka chini, kwa hiyo ukiona naruka huku na kule, nivumilie. Hamisi humjui. Ni yule uliyemwacha tumboni, ukasema akiwa wa kiume utamfungia kiti kidogo mbele ya baiskeli akae kama dereva. Ni wa kiume. Ana masikio yako na ubishi wako, na usiku hanipi usingizi.

Barua nimeiacha wazi, asome anayetaka. Yaliyomo yanawahusu wengi hapa Mpapura na kwingine. Lakini naongea na wewe.

Unakumbuka ile baiskeli ulivyokuja nayo kutoka kwa yule mtu wa Likombe? Nyeusi, nzito, kengele inalia yenyewe kwenye mashimo, na kiti kimechanika mpaka chuma kinaonekana. Nikachukua kanga yangu nyekundu, ile yenye maua ya korosho, nikakata kipande kimoja cha doti nikakushonea kiti. Mama yako alinisema kutwa nzima, ni mwanamke gani anachana kanga nzima ili mwanaume aikalie. Wewe ukamwambia, "Mama, kila mtu na korosho zake. Mimi zangu za kukalia." Akacheka naye, mpaka akasahau ugomvi. Uzi mweusi uliniishia, nikamalizia na wa njano, na upande mmoja ukaenda kombo. Ukakataa nisifumue. Ulisema hata ikiibwa utaijua.

Baiskeli ile ilitubeba sote. Mimi upande upande kwenye keria nikienda kliniki, Zuhura mbele, gunia la muhogo siku za soko. Zuhura ulimfundisha kwenye uwanja wa shule baada ya alasiri, akipitisha mguu chini ya bomba kwa kuwa hakufika juu. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nachambua mboga, moyo uko mdomoni. Na kila siku ulimwambia neno moja, mpaka akawa analiimba jikoni: "Ukisikia lori, shuka. Lori halina shemeji."

Wewe mwenyewe ulikuwa unashuka. Watu walikutania barabarani kwamba unayapisha malori kama unampisha mama mkwe. Hukujali.

Na lile grupu la kijiji kwenye simu, unalikumbuka? Hakuna wiki iliyopita bila mtu kurusha picha ya baiskeli iliyokunjika mahali fulani, mara Masasi, mara Lindi, mara hakuna ajuaye ni wapi, na chini yake maneno ya kutisha. Mimi nilikuwa nakuletea simu nikikuuliza kama umeona. Ulikuwa unatazama, unasema innalillahi, halafu ukitoka sokoni salama unajipiga picha mlangoni na jasho lako, unairusha humo humo: "Mimi nimefika. Mbona wanaofika hawapigwi picha?" Wakakujibu kwamba umefika na sura mbaya, nani aisambaze. Ulicheka sana siku ile.

Sasa nikwambie ambayo hukuyaona.

Habari yako sikuletewa na mtu. Niliiona. Mama Swaumu jirani alikuja na simu yake ameishika kwa mikono miwili, hakunisalimia, akaniuliza tu, "Mama Zuhura, hiki kiti si chako?" Barabara ya lami. Muhogo umetawanyika. Baiskeli imelala ubavu, haikukunjika, wewe umefunikwa majani ya mkorosho, na kiti kimeelekea juu, maua ya korosho na uzi wangu wa njano uliokwenda kombo. Chini wameandika: BAISKELI YAUA TENA. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaona kabla yangu. Mtoto wako alikuwa shuleni, na huko pia ilikuwa imefika.

Wale wawili waliokuwa wanachoma mkaa kando ya barabara walikuja kwenye matanga wakanieleza. Ulikuwa umeshuka. Ulisikia malori, ukashuka, ukaisukuma baiskeli mpaka kwenye mchanga, ukasimama kusubiri. La nyuma likataka kulipita la mbele, likakufuata huko huko ulikosimama. Halikusimama wala halikupunguza mwendo. Mpaka leo halijulikani.

Hili neno nimelifikiria sana, Baba Zuhura, nikiosha vyombo, nikinyonyesha. Lori halikuwa kwenye picha kwa sababu lilikimbia. Waliobaki kupigwa picha ni wewe na baiskeli. Wewe umekufa, basi muuaji akawa baiskeli. Mwenye kukimbia ndiye aliyetoka msafi.

Eda yangu ilikuwa mpaka nijifungue. Ndani, mkeka, na simu. Ukafa tena humo ndani. Picha ile ile ikarudi, safari hii wakiandika ni Likombe. Baadaye ikarudi wakasema Newala, mwanafunzi. Mara ya nne wakasema ni jana, na kwamba mwendesha baiskeli alikuwa amelewa. Wewe, ambaye hata togwa lililochacha ulikuwa humalizi. Nikaandika kwenye grupu kwamba huyu ni mume wangu, amekufa siku nyingi, ni mmoja tu, naomba mumpumzishe. Mtu nisiyemjua akanijibu, "Pole sana dada. Tunasambaza kwa ajili ya kuelimisha."

Na kweli watu walielimika. Kila picha ilipopita niliwasikia waliokuja kunitazama wakisema baiskeli zinamaliza watu, Likombe kafa, Newala kafa. Nikiwaambia ni yule yule, ni mume wangu mimi, wananipa pole na hawanisikii. Mtu mmoja alikufa mara nne, na kila mara kikaanguliwa kilio kipya. Kikao cha wazazi kikakaa. Hakuna aliyelazimishwa, watu waliogopa tu. Baiskeli za watoto wa shule zikaingia ndani moja moja. Yako, mama yako aliipandisha juu ya kenchi za paa la jikoni akaifunga kamba ya mnazi, mafundo yasiyo na idadi, kama anamfunga mwizi. Moshi umeila.

Sikumlaumu. Na mimi niliogopa. Sitaki mtu asome hapa adhani natangaza kwamba barabara ni salama. Barabara si salama, mimi ndiye mjane wake.

Lakini watoto lazima wafike shule. Swaumu, binti wa Mama Swaumu, yule uliyekuwa unamwita Breki Mbovu kwa jinsi alivyokuwa anaendesha, aliwekewa baiskeli yake ndani kama wengine. Akawa anatembea. Njia ndefu, jua, na mvua za masika. Kijana wa bodaboda akawa anampa lifti. Bure. Wote tuliona, tukasema afadhali, amepata msaada. Swaumu sasa yuko nyumbani, shule imekwisha, anasubiri kujifungua, na yule kijana amehamia Msumbiji au anasema amehamia. Mama Swaumu haendi kisimani mpaka wengine wameondoka.

Hiyo haikurushwa kwenye grupu, Baba Zuhura. Utapiga picha ya nini? Msichana amekaa mlangoni anachagua mchele. Haina damu, haina chuma kilichokunjika. Hakuna aliyeandika BODABODA YAUA wala LIFTI YAUA. Hakuna aliyeogopa. Pikipiki zile zile zimesimama pale pale dukani.

Zuhura ameingia kidato cha kwanza. Umenikosea kweli kutokuwepo siku alipovaa sketi mpya, amekuwa mrefu, mguu unafika chini sasa. Sekondari ni mbali kuliko ile ya msingi. Wiki za mwanzo alitembea, anarudi na miguu imevimba, anasinzia juu ya daftari. Halafu siku moja nikiwa dukani na Hamisi mgongoni, Zuhura anatoka shule, nikamsikia mmoja wa bodaboda, mtu mzima, ana mke, anamwambia kwa sauti ya upole, "Zuhura, panda. Kwako mimi sidai."

Alijua jina lake.

Mtoto alikataa. Alisema ahsante kaka, natembea. Lakini nilimwona anavyoitazama ile siti, na namna alivyohamisha begi bega kwa bega. Nilijua kuna siku ya mvua atachoka, na mimi nitakuwa nimemchokesha.

Nikarudi, nikamlaza Hamisi, nikachukua kisu, nikapanda juu ya kinu.

Mama yako alinikuta nakata kamba. Nilimpa shikamoo, hakuitika. Aliniuliza nafanya nini, nikamwambia nashusha baiskeli ya Zuhura. Akakaa chini pale mlangoni, miguu imenyooka, kama siku ile ya msiba.

"Unataka kuniulia na njukuu?" akasema. "Baiskeli imenila ntoto, sasa unaipa na njukuu?"

Sijawahi kumjibu mama yako tangu nimeolewa, wewe unajua. Niliendelea kukata. Nilisema bila kumtazama, "Mama, mwanao hakuuawa na baiskeli. Aliuawa na lori. Alikuwa ameshuka."

Ndani ya nyumba hii, tangu matanga yaishe, hilo neno lilikuwa halijatamkwa. Lori. Tulikuwa tunasema "ile ajali ya baiskeli", hata mimi, hata kwenye hitima. Yule mama alilia kwa namna ambayo hakulia kwenye matanga, bila sauti, kanga mdomoni. Nilishuka nikakaa naye. Nikamweleza ya yule mtu wa dukani, na namna alivyomwita mtoto kwa jina. Akanyanyuka taratibu akaingia chumbani kwake, nikasikia anafungua sanduku. Akarudi na pampu. Alikuwa ameificha huko muda wote, akijua bila pampu hakuna atakayeweza. Akaiweka karibu yangu, akasema tairi la nyuma lilikuwa na pancha, niangalie.

Kwa hiyo Zuhura anaendesha. Nimempa masharti, na si ombi. Lami haigusi, anapita njia ya ndani ya mikorosho hata kama ni ndefu na ina mchanga wa kusukuma. Pale penye kukatisha lami anashuka kabla hajaiona, anasikiliza kwanza. Lori halina shemeji. Analisema mwenyewe kabla sijalisema. Na mtu akimwita kwa jina asimame au asisimame, hilo nimemfundisha mimi, si wewe.

Watu wanasema. Wanasema nimechanganyikiwa kwa upweke, kwamba ningekuwa na akili baiskeli iliyonifanya mjane ningeiuza chuma chakavu. Mama Swaumu hasemi. Juzi alikuja akaulizia kama pampu yetu bado inavuta, kuna mdogo wake Swaumu anafuata kwenda sekondari.

Sikudanganyi, naogopa. Kila mchana kuanzia adhuhuri masikio yangu yako njiani. Injini ikinguruma huko lamini, mikono inaacha kazi yenyewe. Nasubiri ile kengele inayolia yenyewe kwenye mashimo. Hakika sina. Nilichagua kati ya hofu mbili, nikachukua ile ambayo angalau nina la kumfundisha mtoto juu yake. Kama nimekosea, mwenye kuulizwa ni mimi, na nitaulizwa na wewe pia.

Kiti nimekishona upya. Kitambaa cha zamani sikukipata, baiskeli ilirudi kutoka polisi bila hicho. Nilikuwa na kipande cha pili cha doti, nilikuwa nakihifadhi cha kujifunika. Nimekikata. Uzi wa njano tena, kwa makusudi.

Siku ya kwanza aliporudi nilimpiga picha mlangoni, pale pale ulipokuwa unasimama wewe. Jasho, vumbi mpaka magotini, anakunja uso kwa jua. Nikairusha kwenye grupu. Niliandika: "Zuhura amefika." Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyeisambaza. Kesho yake nikarusha nyingine, na kesho yake. Bando la wiki linaniishia huko. Jana mtu mmoja akauliza, "Mama Zuhura, kila siku amefika, amefika. Kwani kuna nini?"

Nikamjibu, "Hakuna kitu. Amefika."

Hamisi ameamka, analia. Lala salama, Baba Zuhura. Wewe ulifika mara nyingi sana kabla ya ile moja, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, nakumbuka zote.

Ni mimi, mwenye uzi wa njano,
Mama Zuhura