Ua la Unga Barazani

Malarvizhi mkwe wangu,

Ukirudi sokoni, viti vya henzerani viweke kushoto, majani ya mwembe yatunge juu ya mlango. Kisha chora ua la unga wa mchele kizingitini, upesi! Wanaokuja kumposa mwanao Yalini wanafika saa kumi.

Ua lako la plastiki ulilobandika hapo limebanduliwa na ~~upepo~~ mimi. Hata sisimizi hawalili. Nilitaka kuchora mwenyewe alfajiri, goti likakataa kuinama.

Asubuhi hii baba mdogo wa kijana anayeposa akapita na pikipiki, akaona baraza tupu, halina ua, kama la nyumba yenye msiba. Akavua viatu, akauliza, "Mama, nani katutoka?"

"Mimi," nikamjibu, "ila nimerudi kunywa kahawa."

Hakucheka. Akaondoka mbio, namwita hasikii.

Wakiahirisha posa kwa utani wangu, Yalini hatanisamehe. Nimechukua bajaji niende kwao, wanione nikipumua. Yeye usimwambie. Wewe chora kubwa, lionekane toka barabarani.

Kahawa yangu usiimwage, narudi kuinywa.

Ni mimi marehemu,
Mama mkwe wako