Sufuria ya Bukari Ilikuwa Saa Yangu

Mujukulu wangu Nadège,

Jambo sana. Huku Likasi tuko bazima, na tantine, shangazi wako, amezaa mutoto mwanamuke. Aksanti Mungu.

Unaniuliza kama minye pia, sawa weye, nilishakimbia mbio kupita siku zangu zote. Wakati wa sécession ya Katanga, ile vita ya kujitenga na Congo, kila dimanche, Jumapili, kisha ya misa, vijana tulishindana mbio mpaka Shituru na kurudi. Sikukuwa na saa. Tukianza, mama anateleka maji ya bukari, ule ugali wetu. Nikirudi, namukuta anasonga. Siku moja nikakaza kabisa, nifike maji hayajachemka.

Nikamukuta mama barabarani. Alikuwa amesikia bunduki.

— Mama, maji imechemka?

— Maji gani? Moto ulizimika, niliuacha nije kukungojea weye!

Mpaka leo sijui kama nilishinda yale maji. Lakini namushukuru Mungu ule moto ulizimika juu yangu, mama alinipenda kupita bukari.

Ni minye, nkambo wako.