Nilivaa Koti la Marehemu Babu, Mama Mkwe Akahama Nyumba

Temeke, 18 Machi 1975

Mpendwa Bi Chausiku,

Naomba unipokee na unisome mpaka mwisho, maana kila ninayemweleza jambo hili hapa mtaani ama anacheka ama anashika mdomo, na mimi nahitaji mtu wa kunipa jibu. Jina langu usilifiche, Temeke nzima inajua.

Mimi ni mpiga chapa katika shirika moja la umma, nina miaka ishirini na sita, mume wangu Adelard ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole wa Ziwa Magharibi, tumeoana huu mwaka wa nne na sasa nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Kwetu ni Newala lakini Newala naijua kwa kusimuliwa tu, mama yangu alifariki ningali mchanga na walionilea ni babu na bibi, hapa hapa Temeke, babu Mzee Albano alikuwa mchongaji wa vinyago, alikuja mjini enzi za Mwingereza akitokea kukata mkonge, na nyumba yetu aliisimamisha mwaka ule ule wa Uhuru, akawa anawaambia wageni kwamba yeye na Tanganyika walihamia kwao siku moja. Bibi Yustina yuko hai, macho yamefifia ila masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Babu alikuwa anawaona watu kuwa ni miti. Ukipita kibandani kwake anakutazama toka utosini mpaka kisiginoni, anakutajia mti wako, na ukishapewa umepewa, hubadilishiwi. Bibi alikuwa mpingo, mgumu kuchonga lakini haliwi na mdudu. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa msufi kwa sababu ya mvi zake. Adelard siku ya kuleta posa aliambiwa ni mninga, mpaka leo anajisifia. Mimi alinipa mkorosho, eti nimepinda lakini nitazaa, na nilikuwa na miaka kumi!

Alianza kuumwa mwezi wa kumi na moja mwaka jana, akalala kitandani miezi minne, nikitoka kazini napitia kwake namwogesha, namgeuza, namlisha uji, mwishoni alikuwa hanijui tena, ananiita kwa jina la mama yangu, na Bi Chausiku nitasema kweli yote, alipokata roho sikulia, nilihisi mwili mwepesi, usiku ule nikalala usingizi mzito ambao nilikuwa nimeusahau, na mpaka leo hii sijalia.

Sasa kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake, tangu mdogo yeye aliniita mke mdogo na bibi akaniita mke mwenza, na mzee akishazikwa wajukuu ndio wenye ruhusa ya kumwigiza matangani ili watu wacheke na waondoke na sura yake. Siku ya tatu, siku ya kuondoa matanga, bibi mwenyewe ndiye aliyenitolea koti la babu, lile la kaki, na kofia yake, nikavaa hivyo hivyo na tumbo langu, nikashika tezo yake ya kuchongea, nikatoka uani nimeinama nakohoa kikohozi chake, nikasema, “Mnalia nini, nyie? Mie nimekwenda kutafuta mpingo, huku mmebakiza kuni tupu!”

Bi Chausiku, watu walianguka kwa kicheko. Nikaanza kuzunguka nawagawia miti, Mzee Kasimiri aliyechonga na babu miaka yote nikamwambia yeye ni mfenesi, utomvu mwingi, ukimgusa hakuachii, Adelard naye akacheka mpaka akatoa leso, na bibi ambaye tangu msiba hakuwa ametia kitu mdomoni alikuwa amejifunika khanga usoni anasema, “Albano, acha! Albano, utaniua!” na baada ya hapo akala wali sahani nzima. Basi katika hali ile ile ya kucheka nikafika alipoketi mama mkwe wangu, Ma Kokuberwa, aliyekuja tangu Februari kunitunza wakati wa uzazi, na watu wakawa wanapiga kelele, “Na huyu je? Na huyu?” kwa sababu babu hakuwahi kumpa mti hata siku moja, tangu harusi yetu, kila alipokuja kututembelea, babu alikuwa anavua kofia na kutazama pembeni, kwa hiyo kila mtu alikuwa na hamu, nami nikamgusa bega kwa mpini wa tezo nikasema huyu mpapai, mti laini wa maji, huyu hata kijiko cha kuchonga hatoi. Lakini hilo lilikuwa neno moja tu na nilipita haraka.

Jioni ile, tarehe tisa mwezi huu, mama mkwe alifunga sanduku akahamia Kipawa kwa shemeji yangu Gaudens. Ametuma maneno kwamba kwao mzee akifa mjukuu hukaa chini kimya, na kwamba mwanamke anayemcheza maiti hawezi kuishi naye nyumba moja. Amekata tiketi ya garimoshi ya Jumanne tarehe mosi Aprili, anarudi kwao, na mtoto nizae na nani? Bibi haoni, mama sina.

Adelard hagombi, ingekuwa heri angegomba, anakula ameinama na anakwenda zake shule. Ameniambia jambo moja tu, kwamba siku ya arobaini nisimame mbele ya watu niseme nilikosa kumwigiza marehemu, labda mama akisikia atarudi. Nilipomweleza bibi akasema, “Nani? Thubutu! Arobaini uvae koti lile, mie nimwone mume wangu mara moja tena.” Sasa nimtii yupi? Na hivi kweli nilimkosea babu yangu? Na mtu asiyemlilia aliyemlea ni mtu wa namna gani? Silali, Bi Chausiku, mtoto anacheza tumboni na mimi nahesabu mabati.

Wako katika shida,
Bernadeta

BI CHAUSIKU ANAJIBU

Pole kwa msiba, mwanangu. Nitaanza na lile linalokunyima usingizi, kisha nitakugombeza, maana vyote viwili unavistahili.

Hukumkosea babu yako hata chembe. Umemwogesha, umemgeuza na kumlisha miezi minne, huku unapiga chapa mchana kutwa na una mimba. Alipopumzika yeye, na mwili wako ukapumzika. Unataka kuniambia hiyo ni dhambi? Ni uchovu, Bernadeta, na uchovu ukitoka mtu huwa mwepesi. Ulikwisha kumlilia alipokuwa anakuita kwa jina la mama yako, hata kama shavu lilikuwa kavu. Pengine machozi yatakuja siku moja unatafuta sindano ndani ya kabati. Yakija, kaa chini uyatoe. Yasipokuja, usiyafukuzie. Wapo waliogaagaa mavumbini siku ya mazishi ambao hawakumpelekea marehemu hata kikombe cha chai, na mtaani kwenu unawajua.

Na habari ya koti, nani mwingine ulitaka akupe idhini? Mjane mwenyewe, aliyelala na yule mzee maisha yake yote, alikuvika kwa mikono yake, akacheka, akala. Mimi bibi yangu alipofariki kule Lindi nilivaa baibui lake nikawafukuza waombolezaji uani kama alivyokuwa akifukuza kuku wa jirani, na mpaka leo nikikutana na watu wa siku ile wananisimulia bibi yangu, hawanisimulii jeneza. Ulifanya kazi ya mjukuu, na uliifanya vizuri. Lala.

Umelala? Haya, amka sasa nikugombeze.

Barua yako ina kurasa tatu. Karibu zote unajitetea kwa jambo ambalo si kosa, na kosa lenyewe umelipenyeza katikati mbio mbio, eti “neno moja tu na nilipita haraka.” Mimi sikupita haraka. Nimelisoma mara tatu, na mara zote tatu nimeona haya kwa niaba yako. Mpapai! Mama wa watu kaacha migomba yake, kapanda meli, kapanda garimoshi, kaja kukukanda mgongo na kumpokea mjukuu wake, na wewe unamgusa bega kwa mpini mbele ya Temeke nzima unamwambia hatoi hata kijiko?

Mkwe hana utani, Bernadeta. Hilo hukuhitaji kuandikia gazeti. Mtani wako ni babu, ni wajukuu wenzako, ni Mzee Kasimiri ambaye najua alikurudishia la kwake. Mama mkwe hawezi kukurudishia, na utani wa mtu asiyeweza kurudisha ni matusi. Na aliyelijua hili kuliko sote ni huyo huyo mzee uliyekuwa umevaa koti lake. Unasema aliwapa watu wote miti akamwacha mmoja. Ulidhani alimsahau? Kumvulia kofia na kutazama pembeni ndiyo heshima aliyomwekea, miaka yote, bila kukosa. Kwa watu wengine wote ulikuwa Mzee Albano mtupu. Ulipofika kwa Ma Kokuberwa ukawa Bernadeta aliyelewa kicheko cha watu.

Ndiyo maana nasema hilo neno la “kumcheza maiti” usilishike sana. Mama mtu mzima atasemaje kwa wanawe kwamba ameitwa mpapai? Mdomo hauwezi kulitoa. Akatafuta neno kubwa zaidi la kufunikia kidonda, na nyinyi wote, pamoja na mwalimu wako, mmekaa mnabishana na lile neno kubwa na kidonda mmekiacha wazi. Mumeo naye mwambie kwa adabu kwamba nimeuliza ile leso aliyoitoa ilikuwa ya nini. Alikuwa pale. Alimwona mama yake. Angeweza kusimama wakati ule ule akamshika mkono wakatoka pamoja, leo tusingekuwa na barua.

Sasa sikiliza la kufanya. Siku ya arobaini usisimame kusema ulikosa kumwigiza babu. Utakuwa unasema uongo, na utakuwa umemvua bibi yako nguo mbele za watu. Vaa koti. Lakini kabla ya arobaini, wewe mwenyewe, bila Adelard, nenda Kipawa. Usibebe kuku wala mchele, maana ukibeba kitu atapokea kitu, na kosa lako litabaki pale pale. Piga magoti kadiri tumbo litakavyokuruhusu, mwamkie, kisha useme hivi, wala usiongeze: “Mama, nilikuita jina baya mbele za watu. Babu alikuheshimu na mimi nikaivunja heshima yake. Nisamehe.”

Halafu nyamaza. Hapo ndipo patakushinda, nakuona kabisa. Atakusema, tena atakusema sana, na pengine atakusema kwa lugha yao na hutaelewa nusu. Usijitetee. Usimweleze mila za Newala kabla hajakuuliza. Akikuuliza, ndipo umsimulie jinsi bibi alivyokuwa hajala siku tatu, na alivyokula. Mwanamke aliyezika mume wake, naye nadhani amezika, maana hukumtaja baba mkwe popote, ataelewa habari hiyo upesi kuliko mwanawe mwalimu. Kisha muombe jambo moja, aje arobaini akae mkeka mmoja na bibi yako. Na siku hiyo, ukiwa umevaa koti unazunguka, ukifika mbele yake, fanya alichokuwa akifanya mwenye koti. Vua kofia, tazama pembeni, pita.

Kama atakataa kukusamehe, utakuwa umetimiza lako, na mtoto atazaliwa, watoto huzaliwa. Ila sidhani kama atakataa. Mtu aliyekusudia kuondoka kabisa hakai Kipawa majuma matatu. Treni za kwenda Mwanza ziliondoka ngapi tangu siku ile? Anangoja mtu abishe hodi, na huyo mtu si Adelard.

Leo ni Pasaka, watu wanatembeleana, hakuna atakayeshangaa kukuona barabarani. Garimoshi lake ni keshokutwa. Mbona bado unasoma?