Mgomba Kwenye Nembo ya Mkoa

Mtoni, Dar es Salaam
Jumapili, 19 Mei 1974

Dada yangu mpendwa Kokushubila,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mie mwili hauna neno. Moyo ndio hautulii, maana kesho huenda nikaachishwa kazi, na sitaki uyasikie hayo kwa mtu mwingine.

Niliwaandikia kwamba ofisi yetu inatengeneza nembo ya mkoa, ya kutundikwa kwenye banda letu siku ya Saba Saba. Kamati ilibishana wiki tatu. Jembe na nyundo vilipita bila maneno, kwa ajili ya mkulima na mfanyakazi. Gurudumu lenye meno likawekwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji kule Wazo, na chini yake mikono miwili iliyoshikana, ndiyo ujamaa. Ndugu Zuena aliuliza mbona mikono yote ni ya kiume, ikabidi mmoja uvishwe bangili. Katikati ukasimama mnazi, mti wa pwani.

Mie nilitumwa kuupeleka mchoro kwa mchongaji, Mzee Marselino, Mmakonde jirani yangu hapa Mtoni. Tangu nihamie, yeye na mkewe, Mama Anjelina, wamenilisha kama mtoto wao. Nilipougua homa mwezi wa pili, Mzee ndiye aliyenibeba mpaka zahanati.

Jumatano kamati ilikusanyika kuutazama ubao. Mzee akafunua kitambaa. Ndugu Bakari akacheka, akauliza nani kauleta mgomba wa Bukoba huku pwani, na kama mwakani tutachongewa hata senene, panzi wanaoliwa huko. Ni kweli, Dada: majani mapana, na chipukizi kando ya shina. Katibu wetu, Ndugu Sadallah, akamuuliza Mzee kama miaka yote aliyokaa Mtoni hajawahi kuona mnazi, akamtaka alete mchoro aliopewa. Mzee akanitazama mara moja tu, akajibu kwamba karatasi imepotea na macho yake yamezeeka. Akaambiwa hatapewa tena kazi ya serikali.

Hata hivyo aliomba siku mbili arekebishe. Akayapasua yale majani kwa patasi, ukanda kwa ukanda, mpaka yakawa makuti. Chipukizi akaliacha, maana kulitoa kungeacha shimo. Ijumaa Ndugu Sadallah alilitazama sana, akatangaza kwamba hao ni vijana wa taifa wanaokua kando ya wazee wao. Watu wakapiga makofi. Mzee hakusamehewa.

Dada, mgomba ule niliuchora mie. Mvua ilinikuta njiani, wino wa mchoro ukayeyuka wote. Bado niko kwenye majaribio ya kazi, nikaogopa kurudi kusema. Nikajifungia chumbani nikachora upya kutoka kichwani, na mkono ukaenda kwenye mti unaoujua, ule wa nyuma ya jiko letu. Na Jumatano nilikuwa nimekaa palepale na daftari la mkutano, nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba mchongaji amekosea.

Leo baada ya misa nilikwenda kumpigia magoti. Hakunigombeza. Alitoa karatasi yangu chini ya godoro, akasema alijua siku ileile nilipomletea kwamba ule si mnazi, ila alidhani serikali ina sababu zake. Akasema yeye ana patasi, kazi ataipata kwingine; mie nina kalamu tu, nayo ya ofisi. Akaniambia niichome ile karatasi. Mama Anjelina akaniwekea ugali na kisamvu.

Sikuichoma. Kesho naipeleka kwa Ndugu Sadallah, nimwombe jina la Mzee lisafishwe. Wewe uliacha shule ili mie nisome, na sikumbuki kama nimewahi kukushukuru. Ahsante, Dada. Nadhani hukuacha shule ili mtu mwingine abebe makosa yangu.

Msalimie sana Mama, na Margareta na wanawe. Ukiniona nashuka melini na sanduku langu, usishtuke, nipe jembe. Nisipokuja, ujue kwamba siku ya Saba Saba, chini ya mnazi wa mkoa, kuna chipukizi la nyumbani kwetu.

Mdogo wako akupendaye,
Gaudens